Balbu za LED kwenye dashibodi ya MGB ya 1972: uzoefu wangu

Seti niliyonunua ina balbu kumi za LED za volti 12, kitako cha skrubu aina ya E10, mwanga wa njano unaokaribia ule wa balbu ya nyuzi. Hazina jina la kampuni. Gari ni MGB ya wazi ya 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, usukani kulia, geji zilizotengenezwa na kampuni ya Smiths. Nimezitumia kwa misimu miwili ya mvua, ndani ya Kampala na kwenye barabara ya Masaka, na nazipa nyota nne kati ya tano. Hata hivyo, usizifunge kabla hujapima nyaya. Katika gari hili sehemu kubwa ya giza haikutoka kwenye balbu, na LED ni hodari sana wa kuficha ugonjwa huo.

Shida yenyewe anaijua kila anayeendesha gari la umri huu hapa kwetu. Jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, giza linaingia upesi, na lori linakuja mbele limewasha fulu. Ukishusha macho kwenye spidomita unakuta duara jeusi tu, sindano huioni. Spidomita yangu inasoma maili, kwa hiyo huwezi kukisia: kilomita 50 kwa saa ni maili 31, kilomita 80 ni maili 50, na namba hizo lazima uzione wazi.

Kwanza, kununua balbu iliyo sahihi. Kiwandani geji hizi zilifungwa balbu ndogo ya skrubu ya volti 12, wati 2.2, ile ambayo Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, waliipa namba 987. Ukienda Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, ukaomba balbu ya dashibodi, utapewa ile ya kioo isiyo na kitako cha chuma, kwa sababu ndiyo inayoingia kwenye magari mengi ya Kijapani. Ukisema "E10" kwenye simu, muuzaji anaweza kusikia "T10", na hiyo T10 ndiyo hasa ya kioo. Sema "ya skrubu, milimita kumi", au bora zaidi chomoa moja uende nayo mkononi. Mtego wa pili ni maduka ya baiskeli na tochi. Balbu za tochi za zamani na za dainamo ya baiskeli zina skrubu hiyohiyo ya E10, zinaingia vizuri kabisa, lakini ni za volti 2.5 au 6. Ukiwasha taa zinaungua papo hapo. Soma maandishi kwenye shingo ya balbu: lazima yaseme 12V.

Sasa kupima, na hapa usiharakishe. Unahitaji mita ya umeme ya kawaida na waya mrefu, kwa sababu betri za MGB ziko nyuma ya viti (za kiwandani ni mbili za volti 6 zilizofungwa mfululizo). Funga ncha nyeusi ya mita kwenye negativu ya betri kwa huo waya mrefu, washa taa ndogo, injini ikiwa imezimwa na balbu zote za zamani zikiwa mahali pake. Balbu lazima ziwe zinavuta umeme. Ukipima soketi tupu, mita itakuonyesha volti 12 hata kama mguso umeoza.

Anza kwenye kisanduku cha fyuzi, ndani ya chumba cha injini upande wa kulia. Fyuzi mbili za juu ni za taa ndogo, moja kwa kila upande wa gari, na taa za dashibodi zinakula kwenye mojawapo. Kwa hiyo dashibodi ikizimika pamoja na taa ya nyuma ya upande mmoja, usihangaike na geji, tatizo lako liko hapo. Mara nyingi fyuzi yenyewe ni nzima, ila vibanio vyake vimeota kutu ya kijani. Vitoe, visugue kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kijiti, vibane kidogo kwa koleo ili vishike. Na angalizo moja, kwa sababu hili linachoma nyaya: fyuzi ya Lucas iliyoandikwa ampea 35 maana yake inakatika kwenye 35, ila mzigo wake wa kudumu ni ampea 17. Fyuzi nyingi za kioo zinazouzwa leo zinaandikwa mzigo wa kudumu. Ukifunga ya leo ya 35, waya unaweza kuyeyuka kabla fyuzi haijakatika. Mimi natumia ya 15.

Kutoka kwenye fyuzi, umeme unakuja dashibodi kwa waya mwekundu wenye mstari wa kijani mpaka kwenye reostati, ile swichi ya kuzungusha inayopunguza mwanga. Unatoka hapo kwa waya mwekundu wenye mstari mweupe kwenda kwenye geji zote. Pima kabla na baada ya reostati, ikiwa imezungushwa mpaka mwanga wa juu kabisa. Kwenye gari langu: volti 12.2 kuingia, 9.6 kutoka. Swichi peke yake ilikula volti 2.6. Ndani yake kuna waya uliosokotwa na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Ikikaa miaka mingi bila kuguswa, vumbi la murramu na unyevunyevu vinatengeneza ngozi ya kutu. Pulizia dawa ya kusafishia miguso ya umeme, zungusha kwenda na kurudi mara thelathini hivi, pima tena. Yangu ilifika 11.8 kutoka. Ikigoma, unganisha waya wa mstari wa kijani na wa mstari mweupe moja kwa moja kwa kiungio kilichofunikwa, uiache reostati pembeni. Utapoteza uwezo wa kupunguza mwanga, lakini taa za MGB toka kiwandani ni hafifu, sijaona anayehitaji kuzipunguza.

Kipimo cha mwisho ndicho mafundi wengi wanakiruka: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ncha nyeusi ikibaki kwenye negativu ya betri, gusisha nyekundu kwenye bodi ya geji, kisha kwenye ganda la soketi ya balbu. Inapaswa kusoma karibu sifuri, tuseme chini ya 0.1. Spidomita yangu ilisoma 1.3. Hiyo ni volti inayopotea njiani kurudi kwenye betri. Fanya hesabu: 9.6 iliyofika ukitoa 1.3 iliyopotea kwenye ethi, balbu ilikuwa inapata 8.3. Na balbu ya nyuzi haipungui taratibu sawasawa na volti, mwanga wake unaporomoka. Kwenye volti 8.3 inatoa chini ya theluthi ya mwanga wake wa volti 12, tena mwekundu wa kufifia kama kaa la moto linalozimika.

Dawa ya ethi ni rahisi na ya bei ndogo. Tenganisha betri kwanza. Nyuma ya kila geji kuna nati za kufungwa kwa vidole zinazoshika mkono wa chuma, na waya mweusi wa ethi umefungwa hapohapo. Fungua, sugua nati, boliti na kichwa cha waya kwa msasa mpaka shaba ing'ae, rudisha, kaza kwa vidole tu. Kisha ongeza waya mpya mweusi wa milimita mraba 1.5 unaopita geji zote moja baada ya nyingine na kuishia kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Pakaza vaselini kidogo juu ya viungo ukishakaza, siyo kabla. Baada ya hapo ethi yangu ilisoma 0.05, na sindano ya mita ya mizunguko ya injini, iliyokuwa inarukaruka taa zikiwashwa, ikatulia.

Hapo ndipo nilipofunga LED, na naomba uelewe kwa nini mpangilio huu ni muhimu. Geji zangu zina balbu sita za mwanga: mbili kwenye spidomita, mbili kwenye mita ya mizunguko, moja kwenye geji ya mafuta ya gari, moja kwenye geji ya oili na joto. Sita za nyuzi za wati 2.2 zinavuta jumla ya karibu ampea 1.1. Sita za LED hizi, nilizipima, zinavuta ampea 0.13. Volti inayopotea kwenye mguso mbovu inategemea umeme unaopita. Ileile reostati iliyokula volti 2.6 ingekula kama 0.4 tu kwa LED, na ethi mbovu ingekula 0.2. Kwa hiyo ukifunga LED kwenye nyaya zilizooza utapata mwanga mzuri, utafurahi, na ethi mbovu itaendelea kuoza mpaka iiguse mita ya mizunguko na vitu vingine vinavyoitegemea.

Kufunga. Soketi zinachomekwa nyuma ya geji kwa kusukumwa. Zishike kwenye ganda uvute moja kwa moja, usivute waya. Spidomita na mita ya mizunguko zinafikika kwa mkono kutoka chini. Ile ya oili na joto ni mateso. Ni afadhali ufungue nati zake mbili na kuivuta geji mbele kidogo, taratibu, kwa sababu ina bomba la oili nyuma yake. Balbu za skrubu hulegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi. Kabla ya kuingiza mpya, inua kidogo kile kiulimi cha katikati ya soketi kwa bisibisi ndogo ili kisukume kitako cha balbu, na tanua vidole vya shaba vya nje ili soketi ibane kwenye tundu. Tangu nifanye hivyo hakuna hata moja iliyolegea.

LED nyingi zina upande wa chanya na hasi. Kwa MGB ya kuanzia 1968, ambayo bodi imeungwa na negativu ya betri, kitovu cha balbu kiwe chanya, na zangu zilikuwa hivyo. Za 1967 kurudi nyuma zilitoka kiwandani bodi ikiwa imeungwa na positivu, kwa hiyo tafuta balbu zinazowaka kwa pande zote mbili, la sivyo zitakaa gizani ingawa ni nzima.

Umbo la LED lina maana kuliko nguvu yake. Kwenye geji za Smiths mwanga haumuliki namba moja kwa moja. Unapiga kuta nyeupe za ndani kisha unarudi kwenye uso wa geji. Balbu yenye chipu moja (kile kipande kidogo kinachotoa mwanga) kichwani inatupa doa kali mahali pamoja na kuacha pengine giza. Seti hii ina chipu nne ubavuni na moja kichwani, na mwanga umeenea sawasawa kuanzia sifuri mpaka mwisho wa spidomita. Rangi nayo: ndani ya geji kuna kichujio cha kijani. Mwanga wa njano ukipita hapo unabaki kijani laini kama wa asili. Mweupe wa baridi nilioujaribu kwenye geji moja ulitoa samawati inayochoma macho usiku, nikautoa.

Nyota niliyoinyima ni kwa mambo mawili. Kati ya balbu kumi moja ilikuwa inapepesa kuanzia siku ya kwanza, kwa hiyo zijaribu zote kwenye betri kabla ya kuingiza mkono chini ya dashibodi. Pili, reostati ya gari haizipunguzi. Ukizungusha mpaka mwisho zinashuka kidogo tu, kwa sababu umeme wenyewe ni mdogo mno. Ukitaka kipunguza mwanga cha kielektroniki, angalia kiwe kinakata upande wa chanya. Vingi vya bei rahisi vinakata upande wa hasi, na hasi ya balbu hizi ni bodi ya gari, kwa hiyo havitafanya kazi.

Na usiiguse taa nyekundu ya chaji. Balbu yake ya nyuzi ndiyo inayopitisha umeme wa kuiamsha alteneta, ile mashine inayochaji betri, karibu ampea 0.18. Ukiweka LED pale, umeme unakuwa hautoshi, na alteneta inaweza kukaa bila kuchaji mpaka ukanyage mafuta kwa nguvu, au isichaji kabisa. Iache na balbu yake ya wati 2.2, kisha pima betri injini ikiwa inazunguka kama mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikisoma karibu volti 14, chaji iko sawa.