NHC-250 ya jeshi sio ile Cummins ya barabarani

Wadau nimekaa na M923 niliyonunua hapa Texas, lori la jeshi la Marekani lililostaafu, nikajua injini yake, NHC-250, ni ile Cummins (kampuni ya injini ya Marekani) aina ya 855 tu kama za malori ya barabarani, lita 14, silinda 6, basi najua kila kitu. Kumbe wapi! Hii NHC-250 haina tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), inatoa nguvu za farasi 240 tu, wakati ndugu yake wa kiraia NTC-350 ana tabo na anatoa 350 kwa mizunguko ileile 2100 kwa dakika. Mlimani unapitwa hadi na basi la shule, na kelele ndo usiseme.

Ila ukiingia kwenye maji ndo unaielewa, matundu ya lori ya kupumulia yamepelekwa juu kwa mabomba ili maji yasiingie, na umeme ni volti 24 wakati malori mengi ya huku ni 12, nilienda kununua stata nikaletewa ya 12, nimepoteza wiki nzima. Spea nyingi za ndani ya injini zinaingiliana na za ile ya kiraia lakini, hapo naipa nyota 4. Kwa mizigo ya masafa marefu, nyota 2.