Fundi wangu wa jiko la dohani: yaliyonipata mie

Jiko lenyewe sitalitukana. Linakula kuni kidogo, machozi jikoni yamekwisha, na mikate ya ajemi inatoka inapendeza. Ninayegombana naye ni fundi, na jina lake namsitiri tu.

Siku aliyomaliza nilimuuliza, "Fundi, hii dohani inafagiliwa vipi?" Hata hakuinua macho kwenye simu. "Bibi wewe, dohani haifagiliwi. Moto wenyewe unaisafisha." Bibi! Mtoto wangu wa mwisho bado yuko skuli.

Masika yakaingia, kuni zote mbichi, za mwembe. Moshi wa kuni mbichi mzito. Ukipanda ukakuta bati limepoa, unaganda humo ndani, mweusi, unanata mithili ya lami. Na hiyo lami inashika moto. Ramadhani inakaribia, alasiri moja mikono yangu imejaa unga, dohani ikaanza kuvuma kama lori linapanda mlima. Bati likawa jekundu, cheche zinarukia makuti.

Jirani kaja na ndoo, anataka kumimina maji ndani ya dohani. Nikamshika mkono. Ami yangu aliwahi kufanya kazi ya boila melini, akitwambia bati la moto ukilitia maji linapasuka na mvuke unakurudia usoni. Watoto nje! Nikafunga mlango wa jiko, nyufa nikaziba kwa majivu niliyoyarowesha. Ile ndoo ya jirani ikaenda juu ya makuti. Mvumo ukapungua, pole pole, mpaka ukanyamaza.

Zimamoto walipofika moto ushakufa, lakini hawakuondoka; walipanda wakapapasa dari. Wakanionesha boriti ambalo bomba limegusana nalo, hakuna hata kibumba cha udongo kati yao. Upande mmoja limeungua kama muhogo wa kuchoma.

Nikampigia fundi. "Umezidisha kuni, bibi." Akakata.

Nilitaka niseme msinunue kabisa jiko la namna hii. Lakini fundi mwengine kalisogeza bomba mbali na boriti, katoboa kidirisha cha kufagilia, na mara ya kwanza tu nimetoa masizi nusu ndoo. Sasa linapika kuliko mwanzo! Basi jiko jengeni, ila kwake yule, wallahi, hata bure msiende.

Juzi kapita mlangoni, eti mikate inanukia. Nikampa mmoja. Ule ulioungua.