Kategoria 23 za ukaguzi, nikabaki na 5: programu ya komplayansi baada ya miezi minane

Mbukwenyi! Karibuni tena wadau. Leo narekodia Kizota, hapahapa Dodoma, na huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu ni mtambo wa kukamua alizeti. Msimu umechanganya, hawawezi kuuzima kwa ajili ya video yangu.

Wengi mmeniuliza kuhusu hii programu ya kufuatilia ukaguzi na matakwa ya kisheria, ofisini tunaiita tu programu ya komplayansi. Nimeitumia miezi minane. Nembo nimeiziba kwenye skrini makusudi. Leseni tumeilipia wenyewe, hakuna aliyenipa hata kalamu, na kwa kuwa mabaya yake nitayasema, sitaki kupigiwa simu na watu wa mauzo.

Siichambui yote. Nataka ukurasa mmoja ambao siku ya kwanza kila mtu anaupita mbiombio: kategoria za ukaguzi. Ukiuharibu huo, ripoti ya mwisho wa mwaka ni vurugu mechi.

Tazameni hapa. Mipangilio, Ukaguzi, Kategoria. Bofya alama ya kujumlisha, inakudai jina, kifupisho, maelezo kidogo, msimamizi, na fomu ya maswali itakayotumika. Dakika mbili umemaliza. Na urahisi huo ndio ulioniponza, maana wiki ya kwanza nilitengeneza 23! Ngoja niwasomee baadhi: Ghala la Mbegu. OSHA. Zimamoto. ISO 22000. Zamu ya Usiku. TFDA. Mengineyo.

Mmeona? Ghala ni mahali. OSHA ni taasisi, ile ya serikali ya usalama na afya mahali pa kazi. ISO 22000 ni kiwango, kile cha kimataifa cha usalama wa chakula. Zamu ya usiku ni muda. Ni sawa na mwenye duka kupanga sukari, jina la mteja na siku ya gulio kwenye rafu moja.

Siku moja bosi akauliza: mwaka huu tumejikagua wenyewe mara ngapi, na tumekaguliwa na watu wa nje mara ngapi? Swali jepesi kabisa. Nilihesabu kwa kidole mpaka magharibi. Tulikuwa tumejikagua ghalani kabla OSHA hawajafika; mwenzangu mmoja aliuweka ukaguzi huo chini ya Ghala, mwingine wa namna hiyohiyo ukawekwa chini ya OSHA, na kijana wa zamu ya usiku alipoona yote mawili yanafaa, akachagua Mengineyo. Programu inakubali kategoria moja tu kwa kila ukaguzi.

Kilichonitoa hapo ni ISO 19011, ule mwongozo wa kukagua mifumo ya usimamizi, toleo la 2018. Wenyewe wanaanza na nani anamkagua nani. Upande wa kwanza, unajikagua mwenyewe. Wa pili, wewe unamkagua anayekuuzia, au mteja anakukagua wewe. Wa tatu, wanakuja watoa vyeti au mamlaka za serikali. Basi, kategoria zangu sasa ni Ndani, Msambazaji, Mteja, Cheti, Mamlaka. Mengineyo nimeiua. Ule wa ghalani unaingia Ndani bila ubishi, halafu jina la OSHA linakaa kwenye lebo, yaani kile kijineno cha ziada unachokibandika kwenye ukaguzi.

Na hiyo TFDA niliyowasomea, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, tuliirithi kutoka kwenye eksele ya zamani. Masuala ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, na TFDA yenyewe ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kategoria yenye jina la taasisi inakufa siku taasisi ikibadilishwa. Halafu TBS anaweza kukujia kwa sura mbili: kwa ajili ya alama ya ubora, hiyo kwangu ni Cheti, au kama msimamizi wa usalama wa chakula, hiyo ni Mamlaka. Ukiandika TBS peke yake umechanganya tena.

Mahali, kiwango na sheria viwekeni kwenye lebo. Ukaguzi mmoja unabeba lebo hata tatu: Ghala, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hapo ndipo uchambuzi mtamu unapotoka.

Sasa lawama. Kategoria ikishatumika hata mara moja huwezi kuifuta, unaizima tu. Nilikasirika mwanzoni, ila nimewaelewa, kumbukumbu za ukaguzi hazipaswi kuyeyuka. Nisichowaelewa ni hili: kuhamisha kaguzi za zamani kwenda kategoria mpya unahamisha mmojammoja. Jumamosi zangu mbili zimeishia hapo.

Jingine ni la simu. Menyu zote ni za Kiingereza, lakini majina ya kategoria na maswali unaandika Kiswahili bila shida. Nikaandika kwa heshima zote: Ukaguzi wa Msambazaji, Ukaguzi wa Mteja, Ukaguzi wa Mamlaka. Kwenye skrini ya simu jina linakatwa, kwa hiyo vijana wangu wakawa wanaona "Ukaguzi wa M…" mara tatu, wanabahatisha! Anzeni na neno linalotofautisha.

Je, niinunue? Kama una mashine moja na vijana wanne, daftari kubwa linakutosha, hela yako nunulia mbegu. Ukiwa na vyeti zaidi ya kimoja na wakaguzi wanaopishana getini, hapo inalipa. Naipa 7 kati ya 10, na alama mbili kati ya hizo tatu nimezikata kwa zile Jumamosi.

Eeh, mtambo umenyamaza. Si umeme, zamu zinapokezana. Maswali wekeni hapo chini, mimi nina ukaguzi wa ndani saa kumi na fomu bado sijaichapa.