Dräger PSS 3000: maoni ya fundi anayeihudumia

Nimekuwa fundi wa vifaa vya dharura hapa Mombasa tangu mwaka 2005. Nilianzia kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe, na usafishaji uliposimama mwaka 2013 nikahamia kwenye maghala ya mafuta. Pampu za moto, mitambo ya povu, maboya ya kuzingira mafuta yaliyomwagika baharini, vyote nimevihudumia. Kifaa ninachokijali kuliko vyote ni seti ya kupumulia, yaani mtungi wa hewa wa mgongoni na barakoa yake, ambayo kazini tunaiita BA. Dräger PSS 3000 ni mojawapo.

Kwetu BA si ya moshi peke yake. Mafuta ghafi huweza kutoa salfidi hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza. Ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi. Harufu inapotea, mtu anadhani gesi imekwisha, kumbe bado imemzunguka. Hapo kinachomwokoa ni hewa aliyoibeba mgongoni.

Ninachoipendea PSS 3000 ni kwamba haimfichi fundi kitu. Kila zamu nafungua vali ya mtungi na kusoma geji. Ikiwa chini ya bar 270 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa) mtungi unarudi kujazwa. Kisha nafunga vali na kuutazama mshale kwa dakika moja. Ukishuka zaidi ya bar 10, pana mahali panapovuja, mara nyingi ni kipete cha mpira kilichokauka. Mwisho naiachia hewa polepole huku nimetega sikio. Kati ya bar 60 na 50 filimbi ya kuonya kwamba hewa inakwisha lazima ilie. Kazi yote ni dakika chache, na sihitaji kompyuta kuniambia seti ni nzima.

Mtungi wa nyuzi za kaboni wa lita 6.8 ukijaa bar 300 unabeba takriban lita 2,000 za hewa. Kwenye karatasi hiyo ni dakika 50. Vijana wangu nawaambia wahesabu 30, kwa sababu mtu anayepanda ngazi ya tangi na vali mkononi hapumui kama aliyeketi kivulini. Uzito wa mtungi huo ni karibu nusu ya ule wa chuma, na mgongo unaijua tofauti kabla hata hujafika juu.

Toleo tulilo nalo lina geji ya mshale tu. Aliye nje hawezi kuona hewa ya mwenzake imebaki kiasi gani, kwa hiyo ni lazima awepo mtu mlangoni na saa na ubao wa kuandikia. Barakoa nayo, kama zote za aina hii, haitaki ndevu. Ndevu za siku mbili tu zinatosha kuifanya isishike usoni.

Jambo kubwa zaidi ni hewa yenyewe. Mwaka mmoja tulipeleka mitungi 12 kujazwa nje, kwa mjazaji ambaye sitamtaja. Iliporudi nilifungua mmoja na kunusa: mafuta ya kompresa. Hewa ile angeivuta mtu ndani ya tangi, akiamini imemkinga. Niliirudisha yote siku ileile. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, kabla ya bei uliza hewa itajazwa wapi, kichujio cha kompresa yao kilibadilishwa lini, na nani atakupimia mitungi kwa shinikizo la maji kila miaka mitano. Ukikosa majibu, usinunue kwanza.

Naipa nyota nne na nusu. Mmoja wa mitungi yetu, uliotoka kwenye seti ya zamani, umepigwa mhuri wa kutumika miaka 15 tu na unaitimiza mwakani. Vali yake ingali laini, rangi haijachubuka. Siku ikifika nitaumwaga hewa yote na kuutoboa kwa mkono wangu, asije mtu akaujaza tena.