Hamilton kashinda Silverstone, na hakubebwa na mvua

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Mkisikia sauti yangu imekauka mniwie radhi, mizunguko 14 ya mwisho nimeimaliza nimesimama, napiga kelele. Lewis Hamilton, dereva wa Mercedes, ameshinda Grand Prix ya Uingereza ya 2024, mbio za magari za Formula 1 pale Silverstone! Siku 945, jamani. Mara ya mwisho kushinda ilikuwa Jeddah, Saudi Arabia, Desemba 2021. Tangu hapo kila mbio nakaa kitako na matumaini, nainuka kimya.

Sasa nimeshasikia watu wanasema mvua ndiyo iliyombeba. Hapana. Mvua iliwanyeshea wote, na ndani ya mvua hiyo McLaren ndio waliokuwa na kasi kuliko yeyote. Madereva wao, Norris na Piastri, walimpita Hamilton, wakaongoza wao. Halafu mvua ilipozidi, wakamwita Norris aje kubadilisha matairi, Piastri wakamwacha nje mzunguko mmoja zaidi na matairi ya barabara kavu. Mzunguko mmoja tu! Nafasi yake ya kushinda iliishia pale, kamaliza wa nne. George Russell, mwenzake Hamilton pale Mercedes, aliyeanza wa kwanza, gari lilimgomea kwa hitilafu ya mfumo wa maji. Iliniuma, alikuwa anaendesha vizuri.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tukae. Barabara inakauka, mzunguko wa 38, Hamilton anaingia kuvua matairi ya kijani, yale ya barabara yenye maji kiasi, anavaa mekundu, yale laini. Verstappen wa Red Bull anaingia mzunguko huo huo, anapewa meupe, magumu. Norris, aliyekuwa anaongoza, anakuja mzunguko unaofuata. Rudieni picha hiyo mtazame vizuri: anasimama mbele kidogo ya alama zake, mafundi wanalazimika kusogea kumfuata, sekunde zinakwenda. Na yeye anavaa mekundu, wakati alikuwa na ya njano mapya kabisa, ya kati, yangemfaa hadi mwisho. Anatoka, Hamilton huyo kashapita.

Tairi laini lina kasi mwanzoni, likichoka limechoka. Na Silverstone inalitesa tairi la mbele kushoto kuliko mengine, kwa sababu kona za kasi kama Copse zinapinda kulia, uzito wote wa gari unalalia upande ule. Tairi hilo hilo ndilo lililompasukia Hamilton mzunguko wa mwisho mwaka 2020, akashinda na magurudumu matatu. Analijua vizuri mno. Kwa hiyo leo, wakati Norris analisukuma lake mpaka likaisha, Hamilton alikuwa analilea. Tazameni anavyoingia Copse: usukani anaugeuza taratibu, mara moja, hausumbui. Norris zilipobaki raundi nne akapitwa na Verstappen, hakuwa na cha kujibu. Verstappen akaanza kumla Hamilton kidogo kidogo, na mimi nahesabu kwa vidole. Ikaisha kwa sekunde moja na nusu hivi.

Huo ni ushindi wa 104, na wa 9 katika uwanja ule ule mmoja. Hakuna dereva mwingine aliyewahi kufika tisa popote; Michael Schumacher aliishia nane kule Magny-Cours. Tena ni Silverstone yake ya mwisho akiwa Mercedes, mwaka 2025 anakwenda Ferrari. Miaka hii miwili na nusu wengi walishamzika, eti ana miaka 39, atundike kofia. Mimi niliwabishia bila ushahidi, kwa imani tu. Leo ushahidi ninao.

Alipolia kwenye redio nami nikalia. Halafu akashuka kwenye gari, akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Walikumbatiana muda mrefu mno, kofia bado iko kichwani, mzee anampigapiga mgongoni, hamwachii.