Shoo ya wasanii viziwi na walemavu Mkunguni, nendeni jamani

Jana usiku nlienda shoo ya wasanii viziwi na walemavu hapa Mkunguni mbele ya ngome, kiingilio mia mbili tu, na wallahi sijaona kitu kama hiki Lamu. Kuna kijana kiziwi alicheza ngoma ya goma na bakora yake, kwanza akavua viatu maana ule mdundo wa ngoma ya vumi anaupata kwa nyayo kupitia mbao za steji, na hakukosa pigo hata moja! Halafu dada mmoja akatoa shairi kwa ishara, kimya kabisa, wimbi analifanya kwa vidole linakuja mpaka kifuani kwake linavunjika polepole, mamangu kando yangu anafuta machozi na ishara hajui hata moja. Makofi yao ni kuinua mikono na kuitikisa, watoto walishika hapo hapo.

Kilichoniuma ni mipango. Mkalimani kawekwa gizani, viziwi wakawa wanammulika na tochi za simu, na Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kua lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, sasa kwetu iwe gizani kwa nini? Na yule mwimbaji wa kiti cha magurudumu alipandishwa stejini kwa kubebwa na vijana wanne, sauti mashallah, lakini nliuona uso wake akibebwa. Ni mbao chache tu za mteremko, mafundi wa majahazi si tunao Matondoni?

Leo wanarudia, mi naenda tena na wanangu.