Uzoefu wangu: saa mbili mbele ya injini ya Whittle, Science Museum, London

Nilipanda moja kwa moja hadi ghorofa ya tatu, kwenye ukumbi wa ndege, maana nilichokifuata kipo huko: Gloster E.28/39, ndege ya kwanza ya jeti ya Waingereza, na injini ya W.1 iliyoirusha kutoka uwanja wa Cranwell, Uingereza, tarehe 15 Mei 1941 kwa dakika 17. Kiingilio ni bure. Ndege yenyewe inapendeza, ndogo kuliko nilivyodhani, ila muda wangu karibu wote uliishia kwenye injini.

Mimi ni fundi wa ndege. Nimechungulia chemba nyingi za mwako, yaani sehemu ya injini mafuta yanapochomwa, kwa boroskopu, kamera nyembamba ya kutazamia ndani ya injini, na najua zinavyopasuka na kuliwa na moto kwenye kingo. Kwa hiyo macho yangu hayakutulia kwenye kompresa, inayobana hewa, wala tabaini, gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto. Yaliganda kwenye yale makopo 10 ya kuchomea yaliyoizunguka injini, ambayo ndiyo chemba zake za mwako.

Frank Whittle, Mwingereza aliyeibuni injini hii, alianza na chemba moja kubwa. Tarehe 12 Aprili 1937, huko mji wa Rugby, Uingereza, injini yake ya kwanza iliwaka kisha ikazidi kupanda kasi. Akafunga mafuta, nayo haikusimama, watu wakatimua mbio. Kumbe mafuta yaliyovuja yalikuwa yametuama ndani, na haikutulia mpaka yalipoungua yote.

Kuwasha moto ndani ya upepo mkali namna ile, ukakaa, usizimike wala usiyeyushe chuma, ndiyo kazi iliyomtesa kuliko zote. Aliyekulia kwenye nyumba yenye karabai ataelewa haraka. Karabai huyapasha mafuta ya taa kwenye mrija hadi yawe mvuke, ndipo yawake. Whittle naye alipita njia hiyo, na mirija yake ikamsumbua kama karabai inavyosumbua: masizi yanaziba, joto linapinda mrija, moto unawaka upande mmoja. Nafuu ilikuja mwaka 1940 kwa Isaac Lubbock wa kampuni ya mafuta ya Shell: mafuta yasukumwe kwa shinikizo kwenye nozeli, yaani tundu dogo la kupulizia, yatoke kama ukungu ndani ya kopo lenye matundu. Hewa kidogo inaingia mwanzoni kulisha moto. Iliyo nyingi inaingia mbele zaidi, kuipoza gesi kabla haijagusa tabaini. Chemba ninazozikagua leo zinaishi kwa mgawanyo huohuo wa hewa.

Jambo nililotaka kuliona kwa macho ni mzunguko wa hewa ndani ya makopo hayo. Hewa inatoka kwenye kompresa, inakwenda nyuma, inageuka na kuingia kwenye moto ikielekea mbele, halafu inageuka tena kuelekea tabaini. Kila kona inakula shinikizo, na injini inanenepa. Lakini shafti, chuma kinachounganisha kompresa na tabaini, inakuwa fupi, haiyumbi, na bomba la moto lililo ndani ya kopo lina nafasi ya kutanuka likipata joto. Mhandisi Adrian Lombard, akiwa kampuni ya Rover, alizinyoosha chemba hizo, hewa ipite moja kwa moja bila kugeuka, bila Whittle kupenda, na kutoka mchoro wake ikazaliwa injini ya Derwent ya Rolls-Royce. Kwa maoni yangu Lombard aliona mbali, ila Whittle hakukosea: mwaka 1937 shafti ndefu ingemwongezea tatizo juu ya matatizo.

Onyo moja. Nililipia matembezi ya kuongozwa na kampuni ya nje, na kijana aliyetuongoza alitupa habari za rubani na kasi kwa dakika tano, kisha akataka tuondoke. Nilipomuuliza moto unawashwaje, hakuwa na neno. Nikabaki peke yangu, na hapo ndipo ziara ilipoanza. Nenda mwenyewe, nenda asubuhi, na usome kidogo kuhusu chemba za mwako kabla ya kufika.

Nyota tano. Nikipata nauli tena nitakwenda na kijana ninayemfundisha kazi, nimsimamishe pale na kumwambia afuate njia ya hewa kwa kidole.